Namna ya Kubuni Mtandao wa Kijamii wa Kuchekesha kwa Watu wa Fani Moja

Mtandao wa kijamii wa kubuni ni kichekesho cha maandishi. Hakuna programu ya kupakua, wala hakuna anayeweza kujiunga nao. Unaishi kwenye ukurasa wa jarida la shule, kwenye picha inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp, au mdomoni mwa mshereheshaji. Msomaji anaonyeshwa fomu ya kujisajili, vitufe, arifa na masharti ya mtandao ambao mafundi cherehani, makonda wa daladala au wacheza bao wangejitengenezea wenyewe kama wangepewa nafasi. Kazi ikiwa nzuri, fundi mwenyewe ndiye anayecheka kuliko wote. Akicheka kila mtu isipokuwa fundi, kuna mahali umekosea, na mara nyingi kosa lilianza siku ulipochagua kundi.

Kuchagua kundi

Kundi zuri lina vitu vitatu. Kwanza lina maneno yake: fundi ana bobini, futi, chaki, bitana, pindo, ovaloki. Pili lina jambo linalojirudia kila siku kati yake na watu wengine, na kwa fundi jambo hilo ni ahadi ya siku ya kuchukua nguo. Tatu, watu wake wana namna yao ya kupimana. Mafundi hawapimani kwa fedha. Wanapimana kwa ukataji: kola imekaaje, zipu imejificha au imetoka nje, maua ya kitenge yamekutana kwenye mshono au yamepishana. Kitu kimoja kikikosekana kati ya hivyo vitatu, tafuta kundi jingine mapema, kabla hujaandika mengi.

Kundi lisiwe pana. “Wakulima” hawatoshi, maana mkulima wa mpunga na mkulima wa kahawa hawana ugomvi mmoja. “Wafanyabiashara” ni pana zaidi. Punguza mpaka ufike mahali ambapo ukitaja kitu kimoja tu, wanakundi wote wanaguna kwa pamoja. Kwa fundi wa mtaani anayeshona kwa oda, kitu hicho ni maneno “imebaki vifungo tu”. Huo ndio mfano tutakaotembea nao hapa, na mtandao wenyewe tuuite Bado Vifungo.

Jihadhari na jambo moja: mitandao halisi ya makundi madogo ipo, na mingine inakaribia kuonekana kama ya kubuni. Ravelry ilianzishwa mwaka 2007 kwa ajili ya watu wanaofuma sweta na kushona kwa kulabu, na wanachama wake huorodhesha hata nyuzi walizojiwekea akiba nyumbani. Dogster ilianza mwaka 2004, na wasifu uliowekwa humo ulikuwa wa mbwa, si wa mwenye mbwa. Kwa hiyo kusema tu “huu ni mtandao wa mafundi” hakuchekeshi. Mtandao wa mafundi unawezekana kabisa, tena ungekuwa na faida. Kichekesho kinaanza pale mtandao wenyewe unapoanza kufanya kazi kama fundi anavyofanya kazi.

Sharti moja linalozaa mengine

Hapa ndipo penye uzito, na wengi hupapita mbio. Mitandao halisi iliyokumbukwa ilikuwa na sharti moja lililoeleweka papo hapo. Twitter, iliyoanza mwaka 2006, ilibana ujumbe kwenye herufi 140, kwa sababu ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160 na 20 ziliachwa kwa ajili ya jina la mtumiaji. Sharti hilo lilitokana na simu zenyewe, na lilidumu mpaka mwaka 2017 herufi zilipoongezwa kuwa 280. Mwaka 2014 ikatokea programu iliyoitwa Yo ambayo kazi yake ilikuwa kumtumia mwenzako neno hilo moja tu. Watu wakaipakua.

Sharti la mtandao wako nalo litokane na kazi yenyewe. Jiulize: katika fani hii, ni jambo gani ambalo kamwe haliendi kinyume? Kwa fundi, siku ya kuchukua nguo husogea mbele tu. Basi sharti la Bado Vifungo ni hili: tarehe husogea mbele, hairudi nyuma. Liandike kwa maneno yasiyozidi kumi, juu kabisa ya karatasi yako. Ukiona unahitaji kuongeza “lakini” au “pia”, una masharti mawili. Futa moja.

Sasa vuta kila kitu kitoke humo. Kalenda ya mtandao huu ina siku tatu: Kesho, Ijumaa, na Kabla ya Idd. Taa ya kijani inayoonyesha kwamba mtu yupo mtandaoni haina maneno “yupo” na “hayupo”. Ina “yupo” na “ametoka kidogo”, na mtu anaweza kuwa ametoka kidogo tangu juzi. Tiki nazo zinabadilika. Tangu Novemba 2014, WhatsApp ilipoleta tiki za bluu, kila mtu anajua maana ya kusomwa bila kujibiwa, kwa hiyo huna haja ya kueleza. Andika tu: tiki moja, kitambaa kimepokelewa; tiki mbili, kimekatwa; tiki mbili za bluu, fundi amekuona unakuja na ameingia ndani.

Angalia kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotungwa hewani. Kila kimoja ni tabia ya dukani iliyovalishwa nguo ya mtandao. Ukikwama, acha kufikiria vichekesho, nenda ukafikirie duka: cherehani iko wapi, mteja anasimama wapi, nguo zilizokwisha zinatundikwa wapi, mwanafunzi anasema nini bosi akiwa hayupo.

Fomu ya kujisajili

Fomu ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu maswali yanafuatana na msomaji anajikuta anajibu kichwani. Maswali yawe sita mpaka nane. Mawili ya kwanza yawe ya kawaida kabisa, bila kichekesho chochote, ili msomaji aamini kwamba anasoma fomu. Wanaoanza na kichekesho kwenye swali la kwanza wanaharibu, maana msomaji hajapata mahali pa kusimama, na akishatarajia kucheka ni vigumu kumshtukiza. La tatu linapinda kidogo. La mwisho lirudi kwenye sharti lako. Mfano:

1. Jina la fundi.
2. Mtaa, na alama ya kufikia.
3. Aina ya cherehani: ya mguu / ya umeme / ya umeme lakini unatumia mguu.
4. Mteja akifika utakuwa umekwenda: kununua uzi / kuchukua zipu / msibani.
5. Idadi ya nguo zilizobaki vifungo tu.
6. Jina la mwanafunzi atakayesema umetoka sasa hivi.
7. Tarehe ya leo. (Unaweza kuisogeza baadaye.)

Swali la tatu linafanya kazi kwa sababu ni la kweli: umeme ukikatika, anayeweza kurudi kwenye cherehani ya mguu ndiye anayemaliza kazi. La sita linamleta mtu wa pili ndani ya fomu, na fomu yenye watu wawili ina uhai kuliko yenye mmoja. La saba ni fupi, na mabano yake ndiyo yanayobeba kicheko. Ukiyaondoa mabano, swali linakufa. Ukiyarefusha, linakufa vilevile.

Vitufe na arifa

Kitufe cha kupenda kiliingia Facebook mwezi Februari 2009, na kidole cha msomaji kinakijua kuliko anavyojua mwenyewe. Kiondoe, na mahali pake weka maneno ambayo mwanafani humwambia mwanafani mwenzake. Fundi akiletewa nguo iliyoshonwa kwingine, swali lake la kwanza ni “Nani alikukatia?” Swali hilo lina sifa, dharau na udadisi ndani yake kwa pamoja, kutegemea sauti. Hicho ndicho kitufe chako cha kwanza. Cha pili kiwe “Fumua”. Usiweke cha tatu mpaka uwe na uhakika kwamba kinasema jambo ambalo viwili vya kwanza havisemi.

Arifa zinataka ufupi kuliko sehemu nyingine yoyote. Maneno kumi na mawili yawe kikomo, na ndani yake kuwe na kitu kinachoonekana kwa macho. “Mteja wako anakuja” ni dhaifu kwa sababu mteja huyo hana sura. Fundi humkumbuka mteja kwa kitambaa kabla ya jina, kwa hiyo andika: “Mama wa kitenge cha tausi ameshuka kituoni. Anakuja kwa miguu.” Arifa ziwe tatu, na kila moja iwe karibu zaidi na hatari:

“Kitambaa kimepokelewa. Hongera, una mwezi mzima.”
“Vipimo vya bibi harusi vimebadilika. Umeshakata.”
“Mama wa kitenge cha tausi yupo mlangoni. Umeme umekatika sasa hivi?”

Alama ya kuuliza mwishoni mwa ile ya tatu si kosa la uchapaji. Mtandao unampa fundi sababu ya kutumia. Alama moja ya namna hiyo inafanya kazi ya sentensi nzima, na ndiyo maana usizitawanye ovyo.

Masharti ya matumizi

Kiswahili kina hazina ambayo wabunifu wengi wanaiacha: tofauti kati ya lugha ya ofisi na lugha ya kijiweni. Sote tumesoma matangazo yanayoanza na “Mwanachama atawajibika…” na fomu zenye “endapo”, “kwa mujibu wa” na “bila kuathiri”. Andika masharti ya mtandao wako kwa lugha hiyo kavu, bila kutabasamu, ukieleza mambo ya dukani. Masharti matano mpaka saba yanatosha. Haya ni matatu ya mfano:

“Kwa madhumuni ya masharti haya, neno ‘kesho’ litakuwa na maana pana.”

“Vipande vitakavyobaki baada ya kukata vitahesabiwa kuwa mali ya mtandao, na endapo vitatosha, vitashonwa mto.”

“Mwanachama hatawajibika kwa mshono ulionakiliwa kutoka kwenye picha ya simu, endapo aliyemo pichani na aliyeleta picha si mtu mmoja.”

Sharti hilo la mwisho linagusa kila duka: mteja anafungua picha ya mtindo aliouona mtandaoni na kutaka utoke vilevile. Limeandikwa bila kutaja mwili wa mtu. Hilo ni la makusudi, na sababu yake itakuja.

Mwisho wa ukurasa unaweza kuongeza kifurushi cha kulipia. Kwa mafundi, kifurushi kinachofaa ni “Sare ya Kamati”: nguo 40 za kamati ya harusi, vipimo 31 vimefika, tisa wamesema “nipime kwa macho”. Tumia namba zisizo kamili. Tisa ni watu halisi. Kumi ni makadirio.

Jina

Liandike jina baada ya kupata sharti, si kabla. Kosa la kawaida ni kuchukua neno la fani na kulibandika mkia wa jina la mtandao wa Kimarekani. Msomaji ameshayaona majina ya namna hiyo mara nyingi, na hayamwambii chochote kuhusu fundi. Jina zuri ni maneno ambayo tayari yanasemwa dukani. Lipime kwa kulitamka kwa sauti kama konda anavyoita vituo. Likijikwaa mdomoni, livunje. Maneno mawili yanatosha. Kabla ya kulitumia, litafute mtandaoni na kwenye duka la programu za simu, maana likiwa tayari ni la kampuni fulani utakuwa umeandika kuhusu watu ambao hukuwakusudia.

Sharti kutoka fani nyingine

Kwa makonda, usianze na matusi wala kelele. Anza na nafasi. Mtandao wa Path, ulioanza mwaka 2010, ulimruhusu mtu kuwa na marafiki 50 tu mwanzoni, na WhatsApp nayo ina kikomo cha wanakundi. Mtandao wa makonda una sharti la kinyume: kundi halijai. Kila anayejaribu kujiunga anapata jibu lilelile, “Nafasi ipo, sogeeni nyuma.” Ukitoka humo utapata mengine bila taabu: wasifu wa deiwaka, konda wa muda, unaobadilika jina kila asubuhi, salio linaloitwa hesabu ya bosi, na kitufe cha kuondoka kwenye kundi kinachofanya kazi mahali pasipo na kituo tu.

Bao la Kiswahili lina utajiri zaidi, na linadai ujuzi zaidi. Lina mashimo 32 na kete 64, na kete iliyoliwa haitoki mchezoni: inaingia upande wa aliyeila na kuendelea kutembea. Basi katika mtandao wa wacheza bao kundi lina watu 64 kamili, na hakuna anayeweza kufutwa. Ukigombana na mtu, anahamia upande wa mpinzani wako, na kesho anakuja kukucheza. Msomaji asiyejua bao ataona ni wazo la kuchekesha. Anayelijua atasimama wima. Kisha ongeza watazamaji: wao hawaruhusiwi kucheza, ila maoni yao ndiyo yanayoonekana kwa herufi kubwa.

Mambo yanayoharibu

Sehemu zikizidi nane, mtandao unageuka orodha na kicheko kinakatika katikati. Punguza kwa kufuta kila kisichotokana na sharti, hata kama peke yake kinachekesha. Kinachouma zaidi kufuta ni kichekesho kizuri kilichokaa mahali pasipo pake. Kitunze, kinaweza kuwa mwanzo wa mtandao mwingine.

Kuchanganya fani mbili nako kunaua. Bado Vifungo ikipata konda ndani yake, msomaji anaanza kujiuliza huyu ametoka wapi, na anayejiuliza hacheki. Usifafanue kichekesho ndani ya kichekesho. Ukiona umeandika “yaani”, futa kuanzia hapo mpaka nukta.

Kosa zito kuliko yote ni kucheka umaskini wa watu, mwili wao, lafudhi yao au kutokusoma kwao. Hapa utani wa jadi una somo la vitendo. Mchaga na Mpare ni watani, Mhehe na Mngoni vilevile, na wanatupiana maneno makali hata msibani bila mtu kukasirika, kwa sababu utani una pande mbili: anayetania leo naye atataniwa, na wote wanajua mipaka. Kwenye mtandao wa kubuni, hakikisha mteja naye anaguswa. Ndiyo maana mfano wetu una bibi harusi aliyeleta vipimo mapema mno na kamati iliyosema “nipime kwa macho”. Fundi akiona mteja naye amepata fungu lake, atacheka kwa moyo mweupe. Akiona ni yeye peke yake kuanzia juu mpaka chini, ataona ametukanwa, na atakuwa na haki.

Wizi pia uuache. Kichekesho cha fundi kuiba kitambaa ni rahisi, na kila mtu ameshakisikia. Tena kinamfanya fundi mwaminifu ajitetee badala ya kucheka.

Kuweka alama kwamba ni ubunifu

Juu ya ukurasa au picha andika “Kichekesho” au “Mtandao wa kubuni”, mahali ambapo picha ikikatwa bado maneno yatabaki. Picha hutumwa tena na tena bila maelezo yaliyokuja nayo, na baada ya muda mtu atauliza anajiungaje. Usiweke anwani ya tovuti, namba ya simu wala kitufe kinachofunguka. Usitengeneze fomu ya kweli inayopokea majina na namba za watu, hata kwa mzaha, maana matapeli hukusanya taarifa kwa njia hiyohiyo na msomaji hana namna ya kukutofautisha nao. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina sheria yake ya 2018. Zote mbili zilipotungwa ziligusa usambazaji wa habari za uongo, kwa hiyo alama ya kichekesho ina kazi kubwa kuliko heshima tu. Jina la fundi halisi, duka halisi au picha ya mtu wa mtaani visiwemo.

Kupeleka kwa mwenye fani

Chapisha nakala moja kwenye karatasi, uipeleke kwa watu wawili wa fani na mmoja wa nje. Usiisome kwa sauti, waachie wasome wenyewe. Weka alama ya kalamu kila mahali mmoja wao alipocheka, alipokunja uso, na aliporudi kusoma tena. Mahali mtu wa nje alipocheka peke yake, kichekesho chako ni cha kijuujuu na kinaweza kuhusu fani yoyote. Mahali watu wa fani walipocheka peke yao, kiache, hata kama mtu wa nje hakuelewa, ila visizidi vitatu katika ukurasa mzima. Pale walipokunja uso wote watatu, usiwabishie.

Fundi akisema “umesahau ya ovaloki”, kaa, toa kalamu, mwache aeleze. Hiyo ndiyo arifa yako ya nne, na itakuwa bora kuliko zako tatu. Nenda siku za katikati ya mwezi, asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupita. Wiki ya mwisho kabla ya Idd au Krismasi usiende kabisa: atakuwa ametoka kidogo.